Gundi ya skatingi: swali fupi, historia ndefu

Leo tunaweka seva na hifadhidata kando, tuzungumze kuhusu gundi. Ndiyo, gundi. Ndani ya mwezi mmoja watu watatu wameniuliza swali lile lile: ni gundi gani yenye nguvu zaidi ya kubandikia skatingi? Kwa ambaye hajakutana na neno hili, skatingi ni ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, pale ukuta unapokutana na sakafu. Kwa nini waniulize mimi ninayeandika programu? Nadhani ni ile imani kwamba mtu wa kompyuta anajua kila kitu chenye maelezo madogo mgongoni.

Swali lenyewe lina tatizo tunalolijua vizuri katika kazi yetu. Ni sawa na kuuliza lugha gani ya programu ni bora kuliko zote. Bora kwa kazi gani? Ukisimama mbele ya rafu ya duka la vifaa vya ujenzi, kila katriji imeandikwa kuwa ni kali, ni imara, inashika chochote. Hakuna inayokuambia ilibuniwa kutatua shida gani. Hilo ndilo nililokwenda kulitafuta, na nimelipata katika historia. Karibu kila gundi iliyoko kwenye rafu ile ilizaliwa kwa sababu iliyotangulia ilishindwa na kitu fulani: maji, joto, muda, au haraka ya vita. Ukijua shida iliyoizaa, utajua kama inaufaa ukuta wako.

HESABU KABLA YA HISTORIA

Tuanze na hesabu ndogo. Chukua ubao wa MDF wenye urefu wa mita 2.4, kimo cha sentimita 10 na unene wa milimita 15. Tuseme mita moja ya ujazo ya MDF ina kilo 750. Ubao wako basi una kama kilo 2.7. Na kumbuka haukuning'inia popote, umesimama sakafuni.

Mgongo wake una sentimita za mraba 2,400. Tuseme umepaka gundi matone matone, ikashika asilimia 5 tu ya mgongo huo. Hiyo ni sentimita za mraba 120. Tuseme tena gundi yako ni ya kawaida kabisa, inabeba kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Ili kuung'oa ubao kwa kuuvuta moja kwa moja ungehitaji nguvu ya kilo 1,200. Hiyo inazidi uzito wa Toyota Vitz.

Kwa hiyo kwenye karatasi, gundi dhaifu inatosha na kubaki. Lakini sote tumeona skatingi zilizobanduka, zimejipinda kama ndizi, nyuma yake siafu wamepata barabara. Kama nguvu si tatizo, tatizo ni nini? Shikilia swali hilo.

NGEU NA UTOMVU

Gundi ni ya zamani kuliko nyungu, na kuliko kilimo. Huko Campitello, Italia, yamepatikana mawe makali yenye mabaki ya lami ya gome la mti wa betula, ya miaka kama 200,000 iliyopita. Waliotengeneza lami hiyo walikuwa Neanderthal. Lami ile haitoki mtini ikiwa tayari. Lazima itolewe kwenye gome kwa kulichoma. Hiyo tayari ni teknolojia.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kusini mwa bara letu. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, mtafiti Lyn Wadley na wenzake walichunguza vifaa vya mawe vya miaka kama 70,000 iliyopita. Juu yake palikuwa na mabaki ya utomvu wa miti uliochanganywa na ngeu, ule udongo mwekundu ambao maseremala wa pwani waliutumia kupigia mistari. Wadley alijaribu kutengeneza gundi hiyo mwenyewe. Utomvu mtupu ulikauka ukawa mkavu mno, ukavunjika ukigongwa, na ulisumbuliwa na unyevu. Ukiongezwa ngeu, mshiko ulikuwa bora.

Geuza katriji ya gundi ya ujenzi usome viungo vyake. Mara nyingi utakuta unga wa chokaa umechanganywa na plastiki ya majimaji. Kazi ya unga huo ni ya ukoo mmoja na kazi ya ngeu: kufanya mchanganyiko uwe mzito, usinywee sana ukikauka, na ujaze mapengo. Kwa hiyo somo la kwanza la historia ya gundi halihusu nguvu. Linahusu mapengo na kunywea. Na utomvu wenyewe bado upo kazini: watu wa Turkana, Samburu, Wajir na Mandera hukusanya utomvu wa migunga mpaka leo na kuuza.

Pwani yetu ina somo la pili, na hili ni la watu walioamua kutotumia gundi wala msumari. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja bandari ya Rhapta katika pwani hii, na kinasema jina hilo lilitokana na vyombo vilivyoshonwa. Mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu, uliendeleza ufundi huo: mbao zilishonwa kwa kamba za nazi. Mbao zilizoshonwa huchezacheza kidogo. Wimbi likipiga, chombo kinalegea na kurudi, hakipasuki. Kuzuia maji ilikuwa kazi ya vitu vingine: kukalafati nyufa, na kupaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta. Waligawa kazi mbili: kitu kimoja kishike, kingine kizibe. Sisi tunataka mrija mmoja ufanye yote.

NGOZI, MIFUPA NA FADHILA YA KUFUNGULIKA

Misri ya kale ilikuwa na maseremala wa hali ya juu, na gundi yao ilitoka kwa wanyama. Ngozi na mifupa vikichemshwa muda mrefu hutoa kolajeni, uji wa kunata unaopakwa ukiwa wa moto. Kaburi la Tutankhamun, aliyefariki mnamo 1323 kabla ya Kristo, lilipofunguliwa na Howard Carter mwaka 1922, lilikuwa na samani zilizobandikwa vipande vyembamba vya mbao za thamani na pembe. Gundi ilikuwa imeshika kwa zaidi ya miaka 3,000. Siri ilikuwa ukavu wa kaburi. Gundi ile ile ingewekwa sebuleni Mombasa, ungeanza kusikia harufu baada ya muda, maana unyevu huilainisha na ukungu huila.

Lakini ina fadhila moja ambayo gundi za kisasa zimeipoteza: inafungulika. Ipashe joto na mvuke, inalegea. Ndiyo maana mafundi wa fidla bado wanaitumia. Fidla ikipasuka ndani, fundi anafungua kifuniko, anarekebisha, anafunga tena. Kwa lugha yetu, gundi ya ngozi ina amri ya kutengua. Nyingi za leo hazina, na hili ni jambo zito kwa mpangaji, nitalirudia.

VITA VYA MBAO

Karne ya 20 ndipo mambo yalipochacha, na chanzo kilikuwa ndege. Ndege za kwanza zilikuwa za mbao, na gundi ya ngozi haikufaa kuachwa mvuani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, watengenezaji walitumia sana gundi ya kaseini, yaani protini ya maziwa iliyochanganywa na chokaa. Ilivumilia maji kuliko ya ngozi, ingawa bado ilikuwa chakula kizuri cha ukungu.

Wakati huo kemia ilikuwa inakimbia. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alichanganya fenoli na fomaldehaidi akapata Bakelite, plastiki ya kwanza isiyotokana na kitu chochote cha asili. Ukoo huo wa kemikali ulizaa gundi za plaiwudi ambazo hazikujali maji. Uingereza, mtu aliyeitwa Norman de Bruyne alifungua kampuni huko Duxford, na mwaka 1937 alikuwa na gundi ya yurea na fomaldehaidi aliyoiita Aerolite.

Tarehe 25 Novemba 1940 ndege ya de Havilland Mosquito iliruka mara ya kwanza. Kiwiliwili chake kilikuwa plaiwudi ya betula yenye mbao laini za balsa katikati, kama mkate uliopakwa siagi. Kwa jumla zilitengenezwa 7,781. Mwanzoni ziliunganishwa kwa kaseini.

Mwaka 1944 ndege kadhaa za aina hii zilianguka huko Mashariki ya Mbali. Mshukiwa wa kwanza? Gundi, bila shaka. Ilisemekana kwamba kaseini imeshindwa na joto na mvua za monsuni. Timu iliyotumwa India ikaandika mwanzoni mwa Desemba kwamba gundi haikuharibika, tatizo ni mbao kubadilika katika msimu wa mvua. Uchunguzi uliofuata ukaenda mbali zaidi: ukakuta kasoro za utengenezaji kiwandani, na ukazikuta hata kwenye ndege ambazo hazijawahi kuonja mvua za Asia. Kaseini iliachwa hata hivyo, zikachukua nafasi gundi za fomaldehaidi. Lakini kwa mtu anayetafuta hitilafu kwa riziki yake, kisa hiki kinafahamika. Mfumo ukianguka, wa kwanza kulaumiwa ni ile sehemu isiyoeleweka na watu. Baadaye unakuta ni vipande viwili ambavyo tangu mwanzo havikukutana sawasawa.

Upande wa Ujerumani kuna kisa kikali zaidi. Focke-Wulf walikuwa wanaunda ndege yao ya mbao, Ta 154, kwa kutumia gundi ya fenoli iliyotengenezwa kama karatasi nyembamba, jina lake Tego. Kiwanda cha gundi hiyo kilikuwa Wuppertal. Mwaka 1943 Waingereza walikipiga mabomu. Ikatafutwa gundi mbadala, na ile mbadala ilikuwa na asidi iliyokula mbao zenyewe. Katikati ya 1944 ndege zikaanza kuanguka. Tarehe 10 Desemba 1944 ndege nyingine, He 162 ya injini ya jeti, ilivunjika angani siku nne tu baada ya kuruka kwa mara ya kwanza. Rubani alikufa. Gundi ilihusika tena.

Sisi tunakijua kisa hiki kwa sura nyingine. Mradi mzima umeegemea maktaba moja ya msimbo, na siku maktaba hiyo ikitoweka mtu anachomeka nyingine inayofanana nayo kwa jina la kazi. Inakubali, majaribio yanapita, halafu miezi michache baadaye inakula mfumo kutoka ndani. Gundi na kitu kinachobandikwa lazima vipatane kwa muda mrefu, si siku ya kubandika tu.

KILICHOMO NDANI YA SKATINGI YENYEWE

Hapa ndipo vita vile vinaingia sebuleni kwako. MDF ilianza kutengenezwa kibiashara Marekani katikati ya miaka ya 1960. Ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikabanwa kwa joto. Na gundi ya kawaida ya MDF ni ya yurea na fomaldehaidi, ukoo ule ule wa Aerolite. Kwa maneno mengine, skatingi ya MDF ni gundi kabla hujaipaka gundi.

Gundi ya ukoo huu ina bei nzuri na inashika vizuri, lakini haipendi maji kwa muda mrefu. Sasa fikiria tunavyosafisha nyumba zetu Kenya. Hatupitishi kitambaa chenye unyevu kidogo kama kwenye matangazo. Tunapiga deki. Ndoo, sabuni, maji yanatembea mpaka pembeni. Ubao wa MDF uliokatwa bila kupakwa rangi upande wa chini unanyonya maji hayo kama mkate kwenye chai. Unavimba, haurudi tena. Katika nyumba ninayopanga, skatingi ya upande wa jikoni imevimba hivyo hivyo, na gundi nyuma yake haijaachia hata kidogo. Iliyoanguka si gundi ya fundi. Ni ile ya kiwandani, iliyo ndani ya ubao.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza gundi, paka rangi kingo zote za ubao, hasa ile ya chini ambayo hakuna atakayeiona.

FOLENI YA RAFUNI

Baada ya vita, maabara ziliendelea kumwaga gundi sokoni. Nitazipitia kwa haraka, kila moja na shida iliyoizaa.

Gundi nyeupe ya mbao, yaani PVA, inatokana na kemikali aliyoigundua Fritz Klatte wa Ujerumani mwaka 1912. Ilichukua nafasi ya sufuria ya gundi ya moto: hakuna kuchemsha, hakuna harufu, unaosha mikono kwa maji. Inakauka kwa kupoteza maji, kwa hiyo angalau upande mmoja lazima uweze kunyonya. Ikibeba mzigo bila kupumzika hutambaa polepole, na maji huilainisha. Kwa pembe mbili za mbao zinapokutana, ni nzuri sana.

Gundi ya kopo la njano, ile ya mafundi viatu, nyingi hutokana na neoprini, mpira bandia uliovumbuliwa katika maabara ya DuPont mwaka 1930. Unapaka pande zote mbili, unasubiri zikauke mkononi, unagusanisha mara moja. Ilizaliwa kwa kazi isiyoweza kubanwa na kusubiriwa. Ubaya wake kwa skatingi ni kwamba ikigusana imegusana, huwezi kusogeza ubao milimita mbili. Ubaya mwingine ni mkubwa zaidi. Viyeyushi vyake, kama tolueni, ndivyo vinavyovutwa na watoto wa mitaani katika chupa za plastiki, nasi tumezoea kupita tukiangalia pembeni. Kile kinachomharibu ubongo mtoto barabarani hakibadiliki kikiwa ndani ya chumba chako kilichofungwa madirisha. Ukiitumia, fungua kila kitu, zima jiko, ondoa watoto, na usiache kopo lililobaki likizagaa kwenye mjengo.

Epoksi ilimfikia mwananchi kwa jina la Araldite, iliyotolewa na Ciba ya Uswisi mwaka 1946. Ni mirija miwili inayochanganywa. Inashika chuma, mawe, kauri. Ni ngumu, ghali, na haipindi. Kwa skatingi ni kutumia nyundo ya kuvunjia mawe kuua mbu.

Supagluu ilianza kama kero. Mwaka 1942 Harry Coover wa Eastman Kodak alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki. Alichokipata kilinata kwa kila kitu, akakitupa. Mwaka 1951 yeye na mwenzake Fred Joyner wakakutana nacho tena, safari hii wakaelewa walichoshika, na mwaka 1958 kikaanza kuuzwa. Inaganda kwa sababu ya unyevu kidogo ulio juu ya kitu. Ni kavu, haijazi mapengo, lakini ni nzuri kushikiza pembe huku gundi nyingine ikikauka.

Poliyurethani ni kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, mwaka 1937. Inaganda kwa kula unyevu badala ya kuupoteza, kwa hiyo inavumilia mahali pa majimaji. Huvimba ikiganda, hivyo inaweza kuusukuma ubao nje kama hukuubana.

Gundi ya katriji ya ujenzi ilikua kuanzia miaka ya 1960 huko Marekani, wajenzi walipoanza kuipaka juu ya maboriti ya sakafu kabla ya kupigilia plaiwudi, ili sakafu isilie mtu akitembea. Ona hapo: misumari haikuondoka. Gundi ilikuja kuisaidia, na majina ya baadaye yanayoahidi mwisho wa misumari yaliongezwa na watu wa mauzo.

Ya mwisho ni ile inayoitwa MS polima au mchanganyiko, iliyotolewa na kampuni ya Kaneka ya Japani mwishoni mwa miaka ya 1970. Shida iliyoizaa ni majengo yanayosogea: viungio vinavyotanuka mchana na kunywea usiku. Inaganda kwa unyevu wa hewa, haina kiyeyushi kikali, na ikishaganda inabaki na ulaini kama mpira mgumu. Rangi inaipokea. Ni mjukuu wa mtepe, kwa namna fulani: inashika kwa kuruhusu.

KWA NINI INABANDUKA, BASI?

Sasa turudi kwa swali nililokuomba ushikilie. Gundi inabeba uzito wa Vitz, ubao una kilo 2.7, bado unabanduka. Historia imeshatupa majibu, na ni matatu.

La kwanza, ukuta wako ni tabaka. Kuna mawe, juu yake plasta ya saruji, juu yake rangi, pengine rangi tatu za wapangaji watatu, juu yake vumbi na mafuta ya jikoni. Gundi inashika tabaka la mwisho tu. Fundi mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye jengo letu nilimsalimia, nikamuuliza, "Mzee, mbona hii ilitoka?" Akageuza ubao akanionyesha mgongo wake, umejaa rangi ya ukuta. "Kijana, gundi haijaachia. Rangi ndiyo imeachia. Ukibandika kwenye vumbi, umebandika vumbi." Katriji ya bei mara tatu isingesaidia.

La pili, ubao haukai kimya. Masika ikianza mbao hutanuka, kiangazi hunywea, na ubao uliopinda tangu dukani unavuta kwenye ncha siku zote. Hesabu yangu ya kilo 1,200 ilidhani nguvu inagawanyika sawa. Katika hali halisi, ubao unaojikunjua huanza na ncha, unachambua gundi kidogo kidogo kama unavyochambua kibandiko. Gundi ngumu sana hukatika papo hapo. Yenye kulegea hugawa mzigo.

La tatu, kuta zetu si nyoofu. Kuna mahali ubao unagusa ukuta na mahali pana pengo la milimita nne. Gundi nyembamba haiwezi kuvuka pengo hilo. Hapo ndipo unapohitaji ngeu ya Sibudu, yaani gundi nzito yenye kijazio.

NINACHOWAAMBIA WALIONIULIZA

Pima rangi kwanza. Bandika mkanda wa kufungia maboksi, usugue kwa kidole, uvute kwa nguvu. Rangi ikija nayo, kwangua mpaka plasta, pitisha msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke. Kazi hii ya dakika ishirini ina faida kuliko tofauti yoyote ya bei.

Pima unyevu. Bandika kipande cha karatasi ya plastiki ukutani karibu na sakafu, ufunge kingo zote kwa mkanda, ulale. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, ukuta wenyewe una maji, na hakuna gundi itakayokuokoa kabla hujajua yanatoka wapi.

Chumba kikavu, ubao wa mbao au MDF, ukuta wa plasta iliyo safi: gundi ya katriji ya maji, ya bei ya kawaida, inatosha. Jikoni, karibu na bafu, au nyumba ya pwani: MS polima au poliyurethani. Skatingi ya plastiki juu ya rangi ya mafuta, ambapo hakuna upande unaonyonya: MS polima, kwa sababu gundi ya maji itakaa wiki nzima ikiwa mbichi katikati. Silikoni iache kwa masinki. Rangi nyingi haziikubali.

Usiache gundi ifanye kazi peke yake siku ya kwanza. Misumari miwili au mitatu ya zege, au vitu vizito vilivyosukumwa kuubana ubao usiku kucha. Wajenzi wa Marekani walipigilia misumari, maseremala wa Misri walibana. Gundi inahitaji kutulia kabla ya kubeba.

Na kama umepanga, soma hapa mara mbili. Gundi kali kuliko plasta itaondoka na plasta siku unayohama, na amana yako itaondoka nayo. Ukihitaji kufikia nyaya au bomba lililopita nyuma ya ubao, ni vile vile. Kwa nyumba ya kupanga, paka matone madogo yenye nafasi ya sentimita 40 hivi, na uchague gundi inayobaki laini. Siku ya kutoa, ingiza mshipi imara wa kuvulia samaki nyuma ya ubao, uvute huku na huku kama msumeno. Gundi laini inakatika, ukuta unabaki. Si rahisi kama mvuke wa fundi wa fidla, lakini ni amri ya kutengua ya kututosha.

Wale watatu walioniuliza, hilo ndilo jibu langu. Sasa nirudi kwa seva, nimeziacha muda mrefu. Tukutane tena hapa hapa.